Uvimbe wa pua upande mmoja: lini tukate kipande, lini tusiguse kabisa?

Kliniki_Kusini

Wakuu, habari za kazi. Swali hili ni kwa watu wa masikio, pua na koo, watu wa patholojia na watu wa mionzi. Tuko ngazi ya hospitali ya wilaya hapa Dar.

Mgonjwa ninayemuulizia yuko hivi: pua imeziba upande mmoja tu, mwezi wa pili au wa tatu sasa, mara inatoka damu, mara usaha. Daftari lake lina amoksilini mara mbili, dawa ya mzio, matone ya pua, na maneno "nyama za pua". Ukimulika unaona kitu. Pengine kinang'aa na kimelegea kama zabibu iliyomenywa, pengine ni chekundu kama nyama ya buchani.

Najua wengi ni polipu, na najua kwamba hata wenye saratani ya pua na sainasi, inayoongoza ni ile ya seli bapa. Wasiwasi wangu ni wale wa nadra wanaojificha humo humo: papiloma iliyopinduka, anjiofibroma ya vijana, nyuroblastoma ya neva ya kunusa, melanoma, limfoma ya NK/T.

Je, kwa ngazi yetu nikate kipande au nisikate? Mgonjwa akiwa na uwezo wa picha moja tu, iwe ipi? Kipande kiende maabara kwa namna gani? Na jibu likirudi limeandikwa "uvimbe wa seli ndogo za duara" halafu basi, hatua inayofuata ni ipi? Mwisho, nimwambie nini kuhusu matibabu kabla hajafika Muhimbili au Ocean Road (taasisi ya saratani)?

---

Bingwa_Pua

Mkuu, tuanze na hayo maneno "nyama za pua". Mtaani yanabeba kila kitu: tezi za nyuma ya pua kwa mtoto, nyama za pembeni zilizovimba kwa mzio, polipu, mpaka saratani. Kwenye barua ya rufaa usiyaandike. Andika ni upande gani, tangu lini, rangi yake, kinatokea ukuta wa kati au wa nje, kikiguswa kinavuja damu au hakivuji. Barua ya mistari minne ya namna hiyo inamsogeza mgonjwa mbele kwenye foleni kuliko muhuri wa "DHARURA".

Polipu za mzio kwa kawaida huwa pande zote mbili. Ikiwa upande mmoja kwa mtu mzima, ihesabu kuwa ni kitu kingine mpaka ithibitike vinginevyo. Ongeza haraka ukiona jicho la upande huo linachuruzika machozi au limetokeza, anaona viwili viwili, shavu lina ganzi, meno ya juu yanalegea na fizi ni nzima, kaakaa limevimba, harufu hazisikii, au kuna tezi shingoni. Mtazame na masikio: mtu mzima mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio moja lazima aangaliwe nyuma ya pua.

Uliza kazi, na usiishie kazi ya sasa. Vumbi la mbao liliwekwa na IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa saratani) kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, na linaloongoza hapo ni vumbi la mbao ngumu na adenokasinoma ya pua ya aina ya utumbo. Huchukua miongo kujitokeza. Kwa hiyo mzee anayeuza duka leo, ambaye ujana wake wote alipiga msasa mninga na mvule pale Keko, bado ni fundi seremala kwa upande wa pua yake.

Jinsi ya kutazama: loweka utambi wa pamba kwenye ksailometazolini 0.1% na lidokaini 4%, weka puani, subiri dakika 10 kamili. Wengi husubiri mbili, kisha wanalalamika kwamba hawaoni kitu. Nyonya ute, halafu ingia na endoskopi ya milimita 4 (mtoto 2.7), nyuzi 0. Kama hakuna endoskopi, tumia taa ya kichwani na kipanua pua, siyo tochi ya simu, maana mkono mmoja unakuwa umeshapotea. Gusa taratibu kwa kijiti butu. Polipu husogea, haiumi, haivuji damu.

Sasa wa kutoguswa. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 10 mpaka 25 hivi, pua imeziba upande mmoja na damu inamtoka mara kwa mara. Huyo ni anjiofibroma mpaka picha ikatae. Mishipa ya uvimbe huu haina tabaka kamili la misuli, kwa hiyo ukiikata haina cha kujibania. Damu hutoka kama bomba lililopasuka na kubana kwa kitambaa hakutoshi. Hakuna biopsi (kukata kipande cha kupima) ya kliniki kwa kijana huyu, na utambuzi wake kwa kweli hauhitaji biopsi. Wa pili ni mtoto mdogo mwenye uvimbe unaoshuka kutoka juu ya pua, karibu na ukuta wa kati, unaojaa akilia au ukimbana kidogo mishipa ya jugula shingoni. Huo huenda ni ubongo na utando wake vilivyochungulia kupitia tundu la fuvu. Ukikata, umefungua njia ya homa ya uti wa mgongo kutoka puani.

(Mtoto mwenye usaha wenye harufu mbaya upande mmoja, tafuta kwanza shanga, mbegu au betri ya saa. Betri ni dharura ya saa hiyo hiyo.)

Kwa ngazi yako jibu langu ni hapana, usikate. Nafasi ninayoiacha ni mtu mzima mwenye kidonda kikubwa mlangoni mwa pua, kinachoonekana chote, na mna vifaa vya kuzuia damu.

---

Chumba_cha_Picha

Napingana na Bingwa kwenye hiyo nafasi ya mwisho. Hata kidonda cha mlangoni kipigwe picha kwanza. Unachokiona mbele ni kichwa cha mamba. Tena biopsi ikitangulia, damu na uvimbe wa jeraha vinachafua picha, na msomaji hajui tena mpaka wa ugonjwa uko wapi.

Mwenye uwezo wa picha moja: CT yenye dawa ya kontrasti. Eksirei ya sainasi haina kazi hapa, usimtoe hela mgonjwa. Fomu ya CT iandikwe: vipande vya milimita 1 au chini, dirisha la mfupa na la nyama laini, pande tatu, kuanzia juu ya sainasi za paji mpaka meno ya juu, na shingo ndani yake. Mpime kreatinini (kipimo cha figo) kabla, muulize mzio.

Fomu nyingi zinakuja na neno "sinusitis" peke yake. Zinapigwa bila kontrasti, vipande vinene, na mgonjwa anarudi kulipa upya. Andika "uvimbe wa upande mmoja, tafuta mfupa ulioliwa".

Kwenye CT kuna mambo machache yanayobadilisha mwelekeo. Mfupa uliosukumwa taratibu na kukonda ni tofauti na mfupa ulioliwa ukabaki vipande. Papiloma iliyopinduka huacha kibonge cha mfupa mnene pale iliposhikia, na daktari wa upasuaji analihitaji sana eneo hilo, kwa hiyo ripoti ilitaje kwa jina. Anjiofibroma husukuma ukuta wa nyuma wa sainasi ya shavu uje mbele, upinde kama tanga, na kupanua nafasi iliyo nyuma yake. Inawaka sana kwa kontrasti. Halafu mfupa wa chekeche, paa la pua: ukiwa umetoboka, MRI siyo hiari tena.

CT haijui kutenganisha uvimbe na ute uliokwama nyuma yake. Vyote ni kijivu. Sainasi tatu zikiwa zimejaa, pengine uvimbe uko kwenye moja tu. Kwenye MRI, T2 (T1 na T2 ni aina mbili za picha zake), ute unang'aa na uvimbe mwingi unabaki wa kati. T1 yenye gadolinia na mafuta yaliyozimwa inaonyesha utando wa ubongo, tundu la jicho, na ugonjwa unaotambaa kwenye neva. Vipande visizidi milimita 3. Nyuroblastoma ya neva ya kunusa ikipenya chekeche huwa na umbo la chuma cha kunyanyulia uzito, kiuno kwenye chekeche, na vifuko vya maji kwenye ukingo wa ndani ya fuvu ni ishara nzuri sana yake. Papiloma iliyopinduka ina mikunjo kama ya ubongo. Melanoma yenye rangi hung'aa kwenye T1 hata kabla ya gadolinia. Isiyo na rangi haitakusaidia.

Mtego mmoja: ukungu uliokauka ndani ya sainasi ni mweusi kwenye T2, mweusi kabisa, unafanana na hewa. Anayesoma MRI bila CT pembeni anaweza kuandika "sainasi safi" wakati imejaa mpaka juu.

---

Bingwa_Pua

Chumba cha Picha, nimekubali. Hakuna uvimbe wa pua unaoharibika kwa siku tatu za kusubiri CT.

---

Darubini

Niingie kwenye kipande chenyewe, maana hapo ndipo wagonjwa wengi wa nadra wanapopotea. Dawa, mionzi na upasuaji vyote vitafuata jina nitakaloandika, na mimi naandika kutokana na nilicholetewa tu.

Chombo: chenye mdomo mpana na kifuniko kisichovuja. Kichupa cha dawa chenye shingo nyembamba hapana. Kipande kinaingia kikiwa laini, kinagandishwa na formalini, kutoka ni mpaka uvunje kichupa au ukisage kipande.

Formalini: 10% iliyosawazishwa kwa fosfati. Ukiitengeneza mwenyewe, lita 1 ni mililita 100 za formalini ya dukani (ile ya 37 hadi 40%), mililita 900 za maji yaliyokenekwa (distilled), gramu 4 za sodiamu fosfati ya monobeziki na gramu 6.5 za sodiamu fosfati ya daibeziki kavu. Wanaoruka hizo chumvi mbili wanapata formalini yenye asidi: huacha punje nyeusi kwenye tishu na kuharibu vipimo vya kingamwili na vya vinasaba. Ujazo uwe angalau mara 10 ya kipande, mara 20 ni bora. Kipande kiingie ndani ya saa 1 baada ya kukatwa, kikae humo saa 6 hadi 72. Siyo kwenye maji ya chumvi, siyo kwenye spiriti, siyo kwenye friza. Kipande kilicholala usiku mzima kwenye maji ya dripu, asubuhi ni uji.

Mkataji atumie koleo lenye meno ya kukata, siyo la kung'oa. Seli ndogo za duara ni dhaifu. Zikivutwa zinasagika na kuwa michirizi ya bluu, na hapo hata mtu mwenye miaka 30 kwenye darubini hawezi kuzitaja jina. Chukua vipande 4 hadi 6, kwenye mpaka wa kilicho hai na kilichokufa. Limfoma ya NK/T ina sifa ya kufia katikati kwa sababu inaziba mishipa ya damu, hivyo vipande vya juu juu vinarudi "tishu iliyokufa na uambukizo". Jibu hilo kwa mgonjwa ambaye pua inaendelea kuliwa si jibu, ni ombi la kurudia. Rudia ndani zaidi.

Papiloma iliyopinduka nayo ina lake. Kipande kimoja kinaweza kuonyesha papiloma safi na saratani iko sentimita 1 pembeni. Siku ya upasuaji uvimbe wote uletwe, pamoja na ule ulionyonywa na mashine. Weka kichujio kwenye chupa ya kunyonyea.

Kwenye fomu naomba umri, upande, mahali hasa, picha imesema nini, hali ya VVU, na kama amepewa steroidi. VVU ina maana kwangu: inaniambia nifikirie limfoma ya plazmablasti na Kaposi mapema.

Sasa hilo la "seli ndogo za duara". Hilo ni jina la foleni, bado siyo jina la ugonjwa. Ndani yake wamo nyuroblastoma ya neva ya kunusa, limfoma, rabdomaiosakoma, Ewing, melanoma, saratani ya sainasi isiyopambanuka, ile ya NUT, hata uvimbe wa tezi ya pituitari ulioshuka kupitia mfupa. Matibabu yake hayafanani hata kidogo. Bajeti ikiwa finyu, naenda kwa awamu. Ya kwanza ni kingamwili tano, yaani rangi zinazowaka zikikuta aina fulani ya seli: keratini, sinaptofisini, S100, desmini na CD45. Tano hizo zinagawa foleni karibu yote.

Sinaptofisini ikiwaka ndani ya vishada na S100 ikiwaka kama uzi pembezoni mwa vishada hivyo, keratini haipo, tunaelekea nyuroblastoma ya neva ya kunusa, na nitaongeza daraja la ukali la Hyams, I hadi IV. Keratini na sinaptofisini zote zikiwaka, simama: angalia kwenye picha kama kikalio cha pituitari (kishimo cha mfupa inamokaa tezi hiyo) kiko salama, upime homoni, kwa sababu kosa la kuita uvimbe wa pituitari nyuroblastoma linampeleka mtu kwenye upasuaji mkubwa asiouhitaji. Desmini ikiwaka, miojenini inathibitisha rabdomaiosakoma. S100 peke yake inadai SOX10, HMB45 na Melan-A kwa ajili ya melanoma. Keratini peke yake inadai NUT na INI1 kabla mtu hajaandika "isiyopambanuka". Zote tano hasi, naomba CD99 nikifikiria Ewing.

Limfoma ya NK/T inapenda kudanganya. CD45 inaweza kuwa hafifu, na CD56 inawaka pia kwenye nyuroblastoma. Inayofunga kesi ni CD3 ya ndani ya seli pamoja na EBER, kipimo cha kirusi cha Epstein-Barr. Bila EBER sisaini.

Na siyo kila kinachokula pua ni saratani. Rinoskleroma bado ipo Afrika Mashariki. Nikiona seli za Mikulicz zilizojaa bakteria, mgonjwa anahitaji wiki nyingi za antibayotiki, hahitaji mionzi.

---

Kliniki_Kusini

Shukrani sana Darubini. Swali dogo: mgonjwa ameshapewa prednisoloni huko alikopita, uvimbe umenywea, pua imefunguka na anasema amepona. Kuna cha kukata hapo?

---

Darubini

Kipo, na usiahirishe. Steroidi inaua seli za limfoma kwa muda, inaniachia makovu na seli zilizokufa, halafu uvimbe unarudi. Andika kwenye fomu dozi na tarehe ya kidonge cha mwisho. Biopsi ikirudi tupu, mfuatilie kwa endoskopi na ukate tena mara tu unapoanza kujaa. Kama amemeza zaidi ya wiki 3 mpunguzie taratibu, usimkatishe ghafla. Na kwa wote wanaosoma: uvimbe wa upande mmoja haupewi prednisoloni kabla ya biopsi. "Tujaribu tuone" ya wiki 2 inaweza kugharimu miezi.

---

Bingwa_Pua

Kuhusu upasuaji, wagonjwa wengi wanakuja wakiogopa kupasuliwa uso. Waeleze kwamba sehemu kubwa siku hizi inafanyika kupitia tundu za pua kwa endoskopi. Kinachoamua ni kama ugonjwa umefika kwenye ngozi ya uso, ndani ya jicho lenyewe, au mbali pembeni ndani ya fuvu.

Papiloma iliyopinduka: kufyeka kinachoning'inia ni kazi rahisi na haina maana. Lazima ufike kwenye shina, uondoe utando wote wa hapo na usage mfupa kwa drili ya almasi mpaka mfupa msafi. Karibu kila papiloma inayorudi imerudia pale pale iliposhikia mwanzo, maana yake shina liliachwa. Ikiwa shina liko ukuta wa mbele wa sainasi ya shavu, endoskopi iliyonyooka haifiki. Panga nyuzi 70 au njia nyingine ya ziada mapema.

Anjiofibroma: mishipa inayoilisha izibwe kwanza kwenye chumba cha anjiografia, upasuaji ufuate ndani ya saa 24 hadi 72. Ukichelewa, mishipa ya pembeni inafunguka na faida inayeyuka. Kabla ya kuziba, anayefanya aangalie kama kuna matawi kutoka mshipa wa jicho, kwa sababu chembe zikipotelea huko kijana anaamka haoni. Damu ipimwe na iwekwe tayari uniti 2 hadi 4. Ndugu wachangie mapema, si asubuhi ya upasuaji. Na usisahau kutoboa mfupa wa nyuma, chini ya sainasi ya sfenoidi. Mabaki hukaa humo.

Nyuroblastoma ya neva ya kunusa: madaraja ya Kadish ya mwaka 1976 bado yanatumika. A iko puani tu, B imeingia sainasi, C imevuka nje ya hapo, na D, iliyoongezwa baadaye, imefika tezi za shingo au mbali. Kuondoa uvimbe bila chekeche na utando wa ubongo uliogusana nao ni kupunguza tu. Kingo za kilichokatwa zisomwe na Darubini mgonjwa akiwa bado usingizini. Tundu la fuvu tunaliziba kwa tabaka: fasha (utando mgumu wa misuli) ya paja ndani, halafu kipande cha utando wa ukuta wa kati wa pua chenye mshipa wake wa damu. Kwa hiyo yeyote anayekata biopsi huko mwanzo asiharibu nyuma ya ukuta huo wa kati. Ndiyo akiba yetu ya kiraka.

Ufuatiliaji: endoskopi kila mwezi 1 hadi 3 mwaka wa kwanza, kila miezi 2 hadi 6 mwaka wa pili, kila miezi 4 hadi 8 mpaka wa tano, kisha kila mwaka. MRI ya kulinganishia ipigwe mwezi wa 3 hivi baada ya matibabu. Kwa nyuroblastoma hii usimfungie mtu faili kwenye mwaka wa 5. Inajulikana kurudi hata baada ya miaka 10, mara nyingi kwenye tezi za shingo.

---

Mionzi_Pwani

Habari za jioni wakuu. Mgonjwa akitoka kwa Bingwa, saa yangu imeanza kuhesabu: mionzi ianze ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji. Kinachokula hizo wiki ni meno. Kila mgonjwa wa mionzi ya pua na taya ya juu aonwe na daktari wa meno kabla, yaliyooza yang'olewe, na shimo lipewe angalau siku 10 hadi 14 kupona. Jino likija kung'olewa baada ya mionzi, mfupa wa taya unaweza kufa. Ng'oa wakati mgonjwa bado anasubiri majibu ya kingo, usingoje siku ya kutengenezewa barakoa ya kushikilia kichwa wakati wa mionzi.

Kipimo baada ya upasuaji ni Gy (grei, kizio cha mionzi) 60 kwa siku 30 za mionzi, Gy 66 kama kingo hazikuwa safi. Bila upasuaji ni Gy 70 kwa 35. Ni siku 5 kwa wiki, kwa hiyo mgonjwa wa mkoani ahesabu wiki 6 au 7 za kukaa Dar, nauli na chakula vikiwa ndani. Mwambieni mapema, wengine wanakatisha kwa sababu ya malazi wala si kwa sababu ya ugonjwa. Kukatisha katikati ni kibaya: uvimbe unatumia mapumziko kuzaliana.

Neva za macho na makutano yake tunazizuia chini ya Gy 55, shina la ubongo Gy 54. Ndiyo maana tunataka mionzi inayochongwa kwa kompyuta, na ndiyo maana naomba CT na MRI za kabla ya upasuaji, kwenye CD, siyo karatasi ya ripoti. Nisipoona uvimbe ulikuwa wapi, nachora kwa kukisia.

Kwa aina moja moja, kwa ufupi. Nyuroblastoma ya Kadish C: upasuaji, mionzi, na tunatibu shingo hata kama haina tezi inayoshikika. Saratani isiyopambanuka: tunaanza na sisplatini na etoposidi, kisha tunaangalia, ikisinyaa vizuri tunaendelea na mionzi pamoja na dawa, isiposinyaa inarudi kwa Bingwa. Sisplatini inadai figo nzima, dripu za kutosha na kipimo cha usikivu kabla ya kuanza. Limfoma ya NK/T: dawa za asparajinasi pamoja na mionzi ya Gy 50 au zaidi. CHOP, tuliyozoea kwa limfoma nyingine, hapa inashindwa, seli hizi zina pampu inayozitapisha dawa; kumpa mtu mizunguko sita ya CHOP kabla ya kumleta ni kumpotezea nafasi yake. Rabdomaiosakoma ya mtoto inaanza na dawa, vinkristini, aktinomaisini na saiklofosfamidi, kisu si cha kwanza. Melanoma ya pua inaanzia T3 (hatua ya juu ya uvimbe) hata ikiwa ndogo kama harage, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yake. Mionzi inapunguza kurudia pale pale lakini hairefushi maisha, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hivyo.

---

Sista_Wodini

Shikamooni madaktari. Naongeza ya wodini, maana yanasahaulika.

Kuosha pua: maji yachemke dakika 1 kamili yakitokota, yapoe yakiwa yamefunikwa. Lita 1, chumvi gramu 9, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, na baking soda nusu kijiko ukipenda isichome. Maji ya bomba au ya kisima bila kuchemshwa hapana. Baki la jana linamwagwa. Aliyezibwa tundu la fuvu asioshe mpaka daktari wake aruhusu.

Huyo huyo alale kichwa kikiwa juu nyuzi 30, asipenge kamasi, chafya aitoe kwa mdomo wazi, apewe dawa ya kulainisha choo asijikamue. Tambi za puani zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka, idadi iandikwe kwenye faili. Maji meupe yanayodondoka akiinama, au ladha ya chumvi kooni, ni maji ya ubongo mpaka ikataliwe. Msipime kwa kijiti cha sukari. Machozi na kamasi vina sukari pia. Kingeni mililita 1 kwenye kichupa safi ipimwe beta-2 transferini, na daktari apigiwe simu usiku huo huo, hasa akiwa na homa au shingo imekaza.

---

Kliniki_Kusini

Nimeelewa vizuri sana. La mwisho: kama biopsi ilishafanyika kwingine na mgonjwa ana karatasi tu ya majibu, nimtume nayo?

---

Darubini

Karatasi haitoshi. Omba bloku ya nta (kipande chenyewe kilichozamishwa kwenye nta) na slaidi zake kwa barua yenye namba ya sampuli. Maabara ina utaratibu wa kuzitoa kwa ajili ya matibabu. Kwa bloku tunaongeza kingamwili bila kumkata mgonjwa tena. Hakikisha namba iliyochongwa kwenye bloku, ya slaidi na ya ripoti ni moja. Ifungwe kwenye karatasi laini ndani ya kiboksi, na anayeibeba asiiache juu ya dashibodi garini kwenye jua la Dar. Nta huanza kulainika hapo, na kipande kikihama ndani yake hakikatiki sawasawa tena.